KUACHA UNGA SI KAZI YA SIKU SABA

Somo kwa wazazi, wazee wa mitaa, na vijana

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Methali hiyo hutajwa sana katika nyumba za pwani, lakini mara nyingi husahauliwa siku ile maradhi yanapoingia nyumbani mwa mtu mwenyewe, hasa yakiwa ni maradhi ya aibu. Na maradhi machache hufichwa kama kutawaliwa na ile dawa ya kulevya inayoitwa unga, yaani heroini.

Somo hili lahusu kosa moja ambalo limewapotezea wazazi wengi watoto wao, hali walidhani kwamba wanawaokoa. Kosa lenyewe ni kudhani kwamba mtu aliyezoea unga akifungiwa chumbani kwa juma moja, akatapika, akalia, kisha akatulia, basi amepona. Hajapona. Tena, kama itakavyoelezwa hapa chini, siku ile anapotoka chumbani yumo katika hatari ya kufa kuliko siku aliyoingia.

MFANO WA NYUMBA MOJA

Na ufikiriwe mfano wa nyumba moja katika mitaa ya Mombasa. Si nyumba ya mtu fulani, bali ni mfano wa nyumba nyingi. Baba ni mvuvi, na mama hupika mahamri ya kuuza asubuhi. Kijana wao wa kwanza amemaliza shule, akapata kazi ya utingo katika lori liendalo bara. Safari ni za usiku, na uchovu ni mwingi. Rafiki mmoja akampa sigara iliyochanganywa bangi na unga kidogo, akamwambia kwamba itamwondolea uchovu. Ikamwondolea kweli, na hapo ndipo mtego ulipotegwa.

Kwa miezi kadha hakuna aliyejua. Kisha redio ya nyumbani ikapotea, halafu mtungi wa gesi, halafu cherehani ya shangazi. Kijana akawa hali vizuri, haogi, na akikaa kitako husinzia huku akijikuna. Mama ndiye aliyetambua kwanza, lakini alinyamaza kwa kuchelea hasira ya mumewe na maneno ya majirani. Kila kitu kilipopotea alisema kwamba amekiazimisha.

Mwisho baba akapata habari. Akakutana na ndugu zake, wakashauriana, na kijana akafungiwa chumba cha nyuma kwa siku saba. Alipiga kelele, alitapika, alitetemeka, akaomba afunguliwe au auawe. Siku ya nane akatoka, amekonda lakini macho yake maangavu. Akawaomba radhi wazazi wake, akafuatana na baba yake msikitini. Nyumba nzima ikafurahi, na mama akampa shilingi chache akanyoe nywele.

Siku ya kumi na mbili akakutana na marafiki zake wa zamani. Akasema, mara moja tu, kwa kuagana. Akajidunga kiasi kile kile alichokuwa amekizoea. Asubuhi alikutwa nyuma ya banda la mashua, amekwisha kufa, na bomba la sindano li kando yake.

Watu walisema mengi. Wengine walisema ametiliwa sumu, wengine kwamba amerogwa, na baba alisema kwa uchungu kwamba mwanawe hakuwa na moyo wa kutubu. Katika hayo hakuna lililomwua. Ili kufahamu kilichomwua yapasa kwanza kujua unga ni kitu gani, na jinsi unavyofanya kazi mwilini.

UNGA NI NINI, NA ULITOKA WAPI

Asili ya unga ni utomvu wa ua liitwalo mpopi. Utomvu huo ukikaushwa huitwa kasumba au afyuni, nao umejulikana na waganga wa Asia na Ulaya tangu zamani sana kuwa dawa ya maumivu. Mwanzoni mwa karne ya 19 mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Friedrich Sertürner, alitoa katika kasumba kile kiini chake chenye nguvu, kikaitwa mofini. Mwaka 1874, katika hospitali moja ya London, mtaalamu aitwaye C. R. Alder Wright aliichemsha mofini pamoja na dawa nyingine, akapata kitu kipya chenye nguvu kuliko mofini yenyewe. Hicho ndicho heroini.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba heroini haikuanza kuuzwa vichochoroni. Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuiuza madukani kama dawa ya kifua, na jina hilo la heroini lilikuwa alama yake ya biashara. Wakati ule madaktari wengi waliamini kwamba haimzoeshi mtu kama mofini. Haikuchukua miaka mingi kabla ya kuonekana kwamba wamekosea, na mwaka 1913 kampuni ikaacha kuitengeneza. Basi ikiwa watu wenye elimu kubwa namna hiyo walidanganyika, si ajabu kijana wa utingo kudanganyika usiku mmoja njiani.

Katika pwani ya Kenya unga ulianza kuonekana miaka ya 1980. Kwanza ulikuwa wa rangi ya udongo, ukivutwa kwa moshi. Mwisho wa miaka ya 1990 ukaja unga mweupe, ambao huyeyuka upesi majini, na watumiaji wengi wakaanza kujidunga kwa sindano. Kutoka hapo yaliongezeka madhara mengine, kwa sababu sindano moja ikipitishwa mkono kwa mkono huambukiza virusi vya UKIMWI na ugonjwa wa ini.

Unga huo haulimwi Afrika ya Mashariki. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kasumba ya dunia ilitoka Afghanistani, mpaka watawala wa huko walipopiga marufuku kilimo chake mwezi wa Aprili 2022. Unga ulipakiwa katika majahazi kwenye pwani za Irani na Pakistani, ukavushwa Bahari ya Hindi kwa njia ile ile ambayo zamani ilileta tende na mazulia. Mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo Darwin ilikamata jahazi mashariki ya Mombasa likiwa na kilo 1,032 za heroini. Mzigo mkubwa kama huo haukukusudiwa wenyeji peke yao, kwani sehemu kubwa husafirishwa kwenda nchi za mbali. Lakini mahali bidhaa ipitapo haikosi kumwagika, na kinachomwagika ndicho kinachouzwa kwa kete katika mitaa ya Mombasa, Malindi, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, na hata Nairobi.

JINSI UNGA UNAVYOMKAMATA MTU

Mwili wa mwanadamu hutengeneza wenyewe dawa yake ya kutuliza maumivu na kuleta raha. Mtu akiumia, au akila chakula kitamu baada ya njaa, ubongo hutoa dawa hiyo kidogo kidogo. Katika ubongo mna mahali maalumu pa kuipokea, mfano wa kufuli na ufunguo wake. Unga ni ufunguo wa bandia. Huingia katika kufuli zile zile na kuzifungua zote kwa mara moja, kwa nguvu ambayo mwili haukuizoea.

Siku za kwanza mtumiaji huona raha isiyo na kifani. Lakini mwili haupendi kuzidiwa. Unapoona kwamba dawa inaletwa kutoka nje kila siku, nao huanza kujikinga: hupunguza kuitikia ufunguo ule. Ndiyo maana kete moja iliyomtosha mtu mwezi wa kwanza haimtoshi mwezi wa tatu, naye hutaka mbili, kisha nne. Chovya chovya humaliza buyu la asali, na hapa buyu lenyewe ni mshahara, halafu vyombo vya nyumba, halafu heshima ya mtu.

Mwisho wake mtumiaji hatumii tena kwa ajili ya raha. Hutumia ili asiugue. Hali hiyo ndiyo inayoitwa uraibu. Mtu aliyefikia hapo akiambiwa acha hujibu kwa kweli kwamba anataka kuacha, na jioni yake hurudia. Watu humwita mwongo, lakini yeye siye mwongo kama wanavyodhani. Nia anayo, lakini ubongo wake umekwisha kugeuzwa, na nia peke yake haiwezi kuurudisha ulivyokuwa.

AROSTO

Mtu aliyezoea unga akiukosa kwa saa 6 hadi 12 hivi, huanza kuugua. Vijana huuita ugonjwa huo arosto. Pua na macho hutoka maji, mwili huona baridi na kutokwa na jasho, mifupa huuma, tumbo huendesha, na usingizi hukimbia. Siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi. Kisha hupungua, na baada ya siku tano hadi saba mwili hutulia.

Arosto ni mateso makubwa, ila kwa mtu mzima mwenye afya si kawaida kuua, isipokuwa pale kutapika na kuharisha kunapomaliza maji ya mwili bila ya kuangaliwa. Na kwa kuwa yana mwisho unaoonekana, mateso haya huwadanganya wazazi. Huona homa imekwisha na chakula kinaliwa, wakadhani ugonjwa umekwisha. Kumbe kilichokwisha ni dalili tu. Kiu ya unga imebaki ubongoni, nayo yaweza kukaa miezi na miaka, ikiamshwa na jambo dogo tu: harufu, wimbo, kichochoro, au uso wa rafiki.

KILICHOMWUA KIJANA

Sasa yaweza kuelezwa kilichomwua kijana yule. Unga hutuliza maumivu, na pia hupunguza pumzi. Mtu mwenye mazoea hustahimili kiasi kikubwa kwa sababu mwili wake umejifunza kujikinga. Lakini kinga hiyo hupungua upesi mtu anapoacha. Siku saba ndani ya chumba zilimwondolea kijana kinga yake, wala hazikumwondolea kiu. Alipojidunga kiasi chake cha zamani, kiasi kile kilikuwa kikubwa mno kwa mwili wake mpya. Akalala, pumzi ikapungua, ikasimama.

Jambo hili si dhana. Mwaka 2007 ulitolewa utafiti wa Jimbo la Washington, Marekani, uliofuata habari za wafungwa zaidi ya 30,000 waliotoka gerezani. Ilionekana kwamba katika majuma mawili ya kwanza ya uhuru wao, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 kuliko ile ya watu wengine wa jimbo hilo. Gereza lilikuwa limewaondolea kinga kama kile chumba cha nyuma kilivyomwondolea kijana wa Mombasa. Hivyo mzazi amfungiaye mtoto wake, na jirani aombaye polisi wamfungie, wote wawili na wafahamu kwamba hatari kubwa inaanza siku mlango unapofunguliwa.

DAWA IPO

Tangu miaka ya 1960, wakati Daktari Vincent Dole na Daktari Marie Nyswander walipoijaribu katika mji wa New York, imejulikana kwamba dawa iitwayo methadoni yaweza kumsaidia mraibu wa unga kuishi maisha ya kawaida. Dawa hii ni ya kunywa, nayo hutolewa kila siku mbele ya mwuguzi. Huingia katika kufuli zile zile za ubongo, lakini polepole, na hukaa kutwa nzima. Mgonjwa halewi wala haugui arosto. Aweza kwenda kuvua, kuendesha mkokoteni, kulea watoto.

Katika Afrika ya Mashariki hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa mwezi wa Februari 2011. Kenya ilianza katika hospitali ya Mathari, Nairobi, mwezi wa Desemba 2014, na mwaka uliofuata ikafika Malindi na Mombasa. Unguja nayo ilianza mwaka 2015.

Wako wanaosema kwamba kumpa mtu methadoni ni kumtoa utumwa mmoja na kumtia mwingine. Neno hilo lastahili kujibiwa, maana husemwa na watu wema. Mwenye ugonjwa wa sukari hudungwa dawa kila siku, wala haitwi mtumwa. Kinachotazamwa ni matunda: je, mtu anaiba au anafanya kazi? Yu hai au amekufa? Mwaka 2017 walipokusanya tafiti za nchi mbalimbali, wataalamu waliona kwamba waraibu walio nje ya tiba ya methadoni walikufa mara tatu zaidi kuliko walio ndani yake. Lakini yafaa kusema pia kwamba methadoni si maji ya kunywa. Ikinywewa bila ya kipimo cha daktari, au pamoja na pombe, yaweza kuua. Na akatizaye tiba ghafula hurudi kwenye hatari ile ile.

Dawa peke yake haitoshi. Ubongo huchukua muda mrefu kutengemaa, na katika muda huo mtu huhitaji kazi, ushauri, na mahali pa kukaa mbali na maskani ya zamani. Wengine huanguka mara moja, mara mbili, hata mara tano kabla ya kusimama. Kuanguka kwao si ushahidi kwamba tiba haina maana, kama vile malaria ikirudi si ushahidi kwamba hakuna dawa ya malaria.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, usifiche. Ukiona vitu vinapotea, kijana anasinzia kitako, mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, sema naye faraghani kwa upole, kisha tafuta msaada. Kila mwezi wa kunyamaza huongeza kete.

Pili, usimfungie nyumbani bila ya shauri la mganga wa hospitali. Mpeleke hospitali ya serikali iliyo karibu, uulize habari za tiba ya unga. Eleza mambo yote bila ya kupunguza.

Tatu, akitoka hospitali, gerezani au katika nyumba ya kurekebishia waraibu, mwambie wazi kwamba mwili wake si ule wa zamani, na kwamba kiasi cha jana chaweza kuwa mauti leo. Majuma ya kwanza asiachwe peke yake.

Nne, jua namna ya kumwokoa mtu aliyezidisha. Dalili zake ni kwamba haamki hata akiitwa na kutikiswa, anakoroma au pumzi yake imepotea, na midomo imegeuka rangi kama ya majivu au buluu. Mtu huyo hajalala, anakufa. Mlaze chali, inua kidevu chake, pulizia pumzi kinywani mwake, mara moja kila baada ya sekunde tano, mpaka avute pumzi mwenyewe. Kisha mlaze ubavu ili asisongwe na matapishi, na apelekwe hospitali upesi. Huko iko dawa iitwayo naloksoni, ambayo huuondoa unga katika kufuli zake kwa dakika chache. Hata akizinduka aendelee kuangaliwa, kwa kuwa nguvu ya naloksoni yaweza kwisha kabla ya nguvu ya unga. Asitiwe katika maji baridi, asinyweshwe maziwa, wala asidungwe maji ya chumvi, kama wafanyavyo watu wa maskani.

Tano, wazee wa mitaa, maimamu na wachungaji wasiliseme jambo hili kwa lawama tu. Muuza unga ni adui wa watu, na sheria ya mwaka 1994 ya kuzuia dawa za kulevya yamhusu. Lakini aliyenaswa ni mgonjwa, na mgonjwa akifukuzwa nyumbani hukimbilia kwa yule aliyemwuzia ugonjwa.

MWISHO WA SOMO

Huenda baba wa bara akasema kwamba habari hizi ni za watu wa pwani. Na akumbuke kwamba lori la usiku hupita mlangoni pake pia, na utingo wake ni kijana wa mtu.

Mvuvi yule alimpenda mwanawe. Alitumia siku saba akilala mlangoni pa chumba, akimsikia akilia, na moyo wake ukivunjika. Hakupungukiwa na mapenzi wala na ushupavu. Alipungukiwa na habari moja tu: kwamba siku ya nane ndiyo ya kuanza kumlinda. Habari hiyo sasa msomaji anayo. Na aifikishe kwa jirani ambaye mlango wa chumba chake cha nyuma umefungwa usiku wa leo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA BARAZANI

1. Kwa nini kiasi cha unga kisichomwua mtu leo chaweza kumwua baada ya siku kumi za kuacha?

2. Katika mfano wa nyumba ile, ni nani angeweza kusema mapema, na ni nini kilichomzuia?

3. Katika mtaa au kijiji hiki, mzazi mwenye shida hii angemwendea nani kwanza bila ya kuogopa aibu?